Thomas Stevens: aliyezunguka dunia kwa baiskeli isiyo na upepo, kisha akatembea njia ya Morogoro

Tangu tuzungumzie maumivu ya mgongo redioni, ujumbe mwingi unaoingia kwenye simu ya studio unahusu baiskeli. Hatukutegemea hilo. Yuko anayeshusha ndizi kutoka Kinole mpaka sokoni Morogoro mjini, yuko fundi anayetoka Mikese alfajiri kwenda kwenye kibarua, yuko mzee wa Mkuyuni ambaye baiskeli ndiyo miguu yake tangu ujana. Swali ni moja: nichukue baiskeli ya namna gani kwa safari ndefu ili kiuno kisiniue njiani? Wengine wanauliza kama waache kuendesha kabisa.

Tuliahidi kuandika, kwa sababu mambo ya vipimo yakisemwa hewani yanapita haraka na kalamu haiko karibu. Lakini katika kutafuta majibu tulikutana na maisha ya mtu mmoja, na tukaona ni vizuri tuwasimulie habari zake na majibu yetu yapite humo humo. Wapenda baiskeli duniani wanamjua vizuri. Huku kwetu wachache wanajua kwamba alikanyaga njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na milima yetu. Jina lake ni Thomas Stevens.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1854 katika mji mdogo wa Berkhamsted, Uingereza. Familia haikuwa na mali. Akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1870, alihamia Marekani kama Waingereza wengi wa wakati ule waliokwenda kutafuta maisha. Alikaa Missouri, akafanya kazi kwenye kiwanda cha reli huko Wyoming, akafanya kazi mgodini Colorado. Huko mgodini ndiko alikopata wazo ambalo wenzake waliliona la kichaa, la kuvuka Marekani kutoka bahari moja hadi nyingine akiwa juu ya baiskeli. Ajabu ni kwamba alikuwa bado hajui kuendesha. Alikwenda San Francisco, akanunua baiskeli, akajifunza, kisha akaondoka.

Hiyo baiskeli yenyewe inabidi tuieleze, maana haikuwa kama hii unayoijua. Ilikuwa Columbia, iliyotengenezwa na kampuni ya Albert Pope. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, yaani sentimita 127, linamfika mtu mzima kifuani. La nyuma lilikuwa dogo kama la toroli. Cheni haikuwepo. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, kwa hiyo ukizungusha miguu mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja. Ndiyo maana walilifanya kubwa vile. Kwa kipimo cha inchi 50, mzunguko mmoja wa miguu ulimpeleka Stevens karibu mita 4. Gurudumu lingekuwa dogo, angechezesha miguu kama mtu anayekanyaga cherehani na asingefika popote.

Mwendeshaji alikaa juu kabisa ya gurudumu hilo, mgongo wima. Kiti kilikuwa cha ngozi chenye springi ya bapa chini yake. Tairi lilikuwa mpira mgumu uliobanwa kwenye ringi, hauna tyubu, hauna upepo. Breki ilikuwa kipande cha chuma kinachokandamiza tairi la mbele. Ukigonga jiwe, au ukifunga breki kwa pupa, baiskeli nzima inapinduka kwa mbele na wewe unatangulia kichwa. Waendeshaji wa zamani walizoea kuanguka hivyo, na Stevens alianguka mara nyingi.

Tukiwa hapa hapa, tumjibu wa kwanza. Watu wengi wanadhani kukaa wima kabisa ndiyo nafuu ya mgongo. Si hivyo moja kwa moja. Ukikaa wima kama mlingoti, kila shimo linapiga kutoka kwenye kiti na kupanda uti wa mgongo bila kupungua. Ukilala mbele sana nako, kama vijana wa mashindano, misuli ya kiuno inavutika saa zote. Mahali pazuri ni katikati: unainama kidogo mbele kutoka kwenye nyonga, viwiko vimelegea, na mikono inabeba sehemu ndogo ya uzito. Kwa mwenye kiuno kibovu, hendeli iwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Kama inabidi unyooshe mikono kabisa ndipo uifikie, baiskeli hiyo ni ndefu kwako hata kama ni mpya na inang'aa.

Stevens aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na shuka, na bastola. Basi. Alipanda milima ya Sierra Nevada wakati theluji bado ipo, akavuka jangwa la Nevada, akapita tambarare za katikati ya nchi. Pale ambapo hapakuwa na barabara alifuata reli, akisukuma baiskeli juu ya mataruma. Alifika Boston tarehe 4 Agosti 1884. Umbali wote ulikuwa kama kilomita 6,000, na theluthi moja hivi ya umbali huo alikwenda kwa miguu, anasukuma au anabeba baiskeli.

Hiyo theluthi tunaomba uikumbuke. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuvuka bara la Amerika Kaskazini kwa baiskeli, na hakuona aibu kushuka. Huku kwetu tunajua vijana wanaong'ang'ania kupandisha kilima cha Uluguru juu ya baiskeli yenye gia moja, wamesimama kwenye pedeli, wanavuta hendeli kwa nguvu zote, ilimradi wasionekane wameshindwa. Kule kuvuta ndiko kunakokaza misuli ya kiuno. Mwenye mgongo mbovu ashuke mapema, kabla pumzi haijaisha, na asukume akiwa amesimama wima upande wa baiskeli, asiilalie. Kama pesa inaruhusu, baiskeli yenye gia kadhaa, hata tatu tu, ni msaada mkubwa kwa kiuno. Ila iwe ya aina ambayo fundi wa kijijini kwako anaweza kuitengeneza na vipuri vyake vinapatikana. Gia zilizoharibika ambazo hakuna anayezijua zitakurudisha kwenye kusukuma njia nzima.

Na ule mzigo wake mdogo pia una jambo. Hatuwezi kumwambia mkulima asibebe ndizi, hiyo ndiyo kazi. Lakini mzigo ukirundikwa juu ya keria mpaka ukapita kichwa chako, baiskeli inayumba, na kila inapoyumba ni mgongo wako unaoirudisha. Ushushe mzigo chini, pande mbili za gurudumu la nyuma, uzito ulingane, ufungwe kwa mpira usicheze. Mfuko wa kuvaa mgongoni uache nyumbani ukiwa unaendesha mbali.

Turudi kwa Stevens. Majira ya baridi yaliyofuata aliyatumia New York akiandika habari za safari yake katika jarida la Outing. Jarida hilo likampa kazi ya kuwa mwandishi wake na kumwezesha kuendelea na safari hadi aizunguke dunia. Hapa tuseme ukweli: lilikuwa tangazo pia. Albert Pope alikuwa anauza baiskeli, na hapakuwa na njia bora ya kuonyesha uimara wa Columbia kuliko mtu kuizungusha dunia. Mtu yule alikuwa na miaka 30, mifupa imara, na hakubeba ndizi. Unapoona picha ya baiskeli kwenye ukuta wa duka, kumbuka mwili wa aliyepigwa picha si wako.

Aprili 1885 alivuka bahari, na mwanzoni mwa Mei akaanza kutoka Liverpool. Alipita Uingereza, na njiani akapita Berkhamsted alikozaliwa. Akavuka Ufaransa, Ujerumani, Austria, Hungaria, Serbia na Bulgaria, akafika Istanbul, ambako alipumzika na kujiwekea spoku za akiba. Kutoka hapo alipita Uturuki yote ya mashariki mpaka Uajemi, nchi tunayoiita Iran leo. Watu wa vijijini walikuwa hawajawahi kuona chombo kile. Kila alikofika walimzunguka, walimtaka aendeshe waone, usiku na mchana, na yeye amechoka. Mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho alifika Tehran akakaa huko majira ya baridi, na mfalme wa Uajemi mwenyewe, Shah Nasir al-Din, aliangalia baiskeli ile.

Machi 1886 akaondoka tena. Alitaka kupita Siberia, Warusi wakakataa. Akajaribu Afghanistan bila ruhusa, akakamatwa na kurudishwa Uajemi. Ikabidi arudi nyuma hadi Istanbul na kupanda meli kwenda India. Huko alikuta barabara kuu ya zamani inayokwenda mpaka Kolkata, pana, ngumu, yenye miti ya kivuli. Wapenda baiskeli wanaosoma habari zake huwa wanasema hapo ndipo alipofaidi. China ilikuwa kinyume chake: njia za miguu kwenye mashamba ya mpunga, mvua, na katika mji mmoja kundi la watu wenye hasira lililomtishia maisha hadi maofisa wakamwokoa. Akaingia Japani kupitia Nagasaki, na tarehe 17 Desemba 1886 akafika Yokohama. Hapo akahesabu safari imekwisha. Alikuwa amekwenda kwa magurudumu na kwa miguu maili 13,500 hivi, yaani karibu kilomita 21,700. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Aliandika kitabu kikubwa cha safari hiyo. Ana jicho la kuona mambo madogo, lakini lazima tuseme kwamba aliwatazama watu wengi aliowapitia kwa dharau ya Wazungu wa zama zake. Wengi wa watu hao ndio waliompa maji, chakula na mahali pa kulala, katika vijiji ambavyo hajui lugha yake.

Sasa tunafika kwetu.

Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Stevens Afrika Mashariki. Wakati huo dunia ilikuwa inamtafuta Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameingia ndani ya bara mwaka 1887 kumfuata Emin Pasha, na habari zake zikapotea. Magazeti ya Marekani yalishindana nani atakuwa wa kwanza kumpata. Stevens alifika Zanzibar, akaenda bara, akafika mpaka upande wa Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Kulikuwa na vita pwani. Abushiri bin Salim na wenzake walikuwa wanapambana na Wajerumani tangu mwaka 1888, na Wissmann alikuwa ameletwa na jeshi kuwazima.

Mwezi Novemba 1889 ikajulikana kwamba Stanley anashuka kuelekea pwani kwa njia ya Mpwapwa. Msafara wake ulipita Simbamwenni, ule mji wa Kisabengo chini ya Uluguru, ambao Stanley aliwahi kuupita pia mwaka 1871. Wazee wetu waliokuwa wanaishi miteremkoni waliuona msafara ule, au angalau waliusikia. Stevens akaondoka Bagamoyo kwenda kuwalaki, akifuata njia ile ile kwa upande wa pili. Walikutana Msua, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka Bagamoyo, mwisho wa mwezi huo. Mwandishi wa gazeti pinzani, New York Herald, naye alikuwepo. Tarehe 4 Desemba msafara uliingia Bagamoyo. Siku 11 baadaye Abushiri alinyongwa Pangani.

Katika safari zake za huku, mtu aliyezunguka dunia kwa baiskeli alikwenda kwa miguu, na mizigo yake ilibebwa na watu. Hapo tulisimama kidogo tulipokuwa tunaandaa makala hii. Katika misafara ya wakati ule mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30, wakati mwingine zaidi, kichwani au begani, siku baada ya siku, kutoka pwani hadi maziwa makuu na kurudi. Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na watu wa pwani ndio walioifanya kazi hiyo. Stevens anajulikana kwa jina, tarehe na picha. Wale waliombebea hema na maji kwenye njia ya Msua, migongo yao hatujui iliishaje. Baiskeli ilipokuja kuenea nchini, ilichukua kazi ya mpagazi: kilo zile zile, na zaidi, zilihamia kwenye keria. Anayeshuka na mikungu kutoka Kinole ni mrithi wa kazi ile, na swali lake kuhusu kiuno si la anasa.

Mwaka huo huo wa 1889, Stevens akiwa huku kwetu anatembea, jambo dogo lilitokea Belfast, Ireland, ambalo lingemfaa sana kama lingekuja miaka mitano kabla. Daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, Mskoti, alikuwa amemtengenezea mtoto wake tairi za mpira zilizojazwa upepo, kwa sababu baiskeli yake ya magurudumu matatu ilimtikisa kwenye mitaa ya mawe. Alisajili ugunduzi huo mwaka 1888. Mei 1889 mwendeshaji wa mji huo, Willie Hume, alitumia tairi hizo kwenye mashindano na kushinda. Watu waliokuwa wanacheka tairi nene kama soseji wakaacha kucheka. Baadaye ikagundulika kuwa Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo tangu mwaka 1845, ila halikuwa na soko wakati ule. Miaka hiyo hiyo baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana, yenye cheni, ilikuwa inaenea, na lile gurudumu kubwa la kina Stevens likafa ndani ya miaka michache.

Kwa hiyo ukituuliza kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye baiskeli kama una mgongo, jibu letu ni tairi. Chagua tairi nene kadiri fremu inavyoruhusu. Usiijaze upepo mpaka iwe kama jiwe. Ukifanya hivyo umerudi kwenye baiskeli ya Stevens. Ijaze kiasi kwamba ukiikandamiza kwa kidole gumba inabonyea kidogo. Ya nyuma, inayobeba mzigo, iwe ngumu kuliko ya mbele. Usiilegeze sana pia, maana ukigonga jiwe ringi itaibana tyubu na utashinda unaziba pancha. Upepo ni bure, na watu wengi wanaolalamika baiskeli zao zinawaumiza wangeanza hapo kabla ya kutafuta pesa ya baiskeli mpya.

Cha pili ni kiti. Stevens alikuwa na springi chini ya kiti chake na alizihitaji. Kiti chenye springi mbili nyuma, kama kile cha Phoenix ya zamani, kinafaa njia zetu za mashimo kuliko kiti chembamba kigumu. Kukipima ni hivi: kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto na kulia na kiuno kinasokota kila mzunguko. Kikiwa chini mno, magoti yanaumia. Tumeona wengi mno wanaendesha kiti kikiwa chini kabisa kwa sababu wanataka miguu ifike ardhini wakisimama. Jifunze kusimama kwa kushuka. Ncha ya mbele ya kiti isiinuke juu.

Cha tatu ni fremu. Simama ukiwa umeitanua katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Chuma cha juu kisikuguse. Na hapa tuna neno kwa wanaume. Ile fremu ya kushuka, tunayoiita ya kike, ndiyo inayomfaa zaidi mtu mwenye kiuno. Kupanda baiskeli ya chuma cha juu wakati keria imejaa, inabidi urushe mguu juu ya mzigo na kujipinda, na hapo ndipo watu wengi wanashtua mgongo, hata kabla safari haijaanza. Tunajua watacheka kijiweni. Waache wacheke.

Yapo maumivu ambayo hakuna baiskeli itakayoyasaidia. Maumivu yakishuka hadi chini ya goti, mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, mkojo au haja kubwa ikakushinda kuzuia au kutoka, ganzi ikashika sehemu za siri, au maumivu yakaja pamoja na homa na kukonda, achana na fundi baiskeli na nenda hospitali haraka, hasa hayo ya mkojo na ganzi, siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kuendelea kutembea na kuendesha taratibu, kwa umbali mfupi unaoongezeka polepole, kunasaidia kuliko kulala kitandani wiki nzima. Kwa hiyo wale waliouliza kama waache kabisa, kwa wengi wao jibu ni hapana.

Stevens mwenyewe hakuzunguka tena dunia kwa baiskeli. Aliandika kitabu kuhusu safari yake ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1890. Mwaka huo huo alivuka Urusi kutoka Moscow kuelekea Bahari Nyeusi, safari hii akiwa juu ya farasi. Alisafiri kwenye mto Nile, akaenda tena India. Mwaka 1895 alirudi Uingereza, akaoa mjane aliyeitwa Frances Barnes, mama wa waigizaji wawili mashuhuri wa jukwaani, Irene na Violet Vanbrugh. Akawa meneja wa biashara katika ukumbi wa michezo wa Garrick, London. Mtu aliyelala kwenye koti la mvua jangwani akamalizia miaka yake akihesabu tiketi na mapato ya ukumbi. Alifariki London tarehe 24 Januari 1935, akiwa na miaka 80.

Baiskeli yake ile ya gurudumu kubwa ilibaki kwa kampuni ya Pope huko Marekani, ikatunzwa miaka mingi. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia na serikali ikaomba vyuma chakavu kwa ajili ya viwanda vya silaha, ilitolewa pamoja na vyuma vingine, ikayeyushwa.